Vijana wetu wa baiskeli wanahitaji mbio za hatua, si za siku moja tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Shinyanga mjini, na huu ni mwaka wangu wa 31 katika kazi hii. Nimetengeneza Phoenix za wauza mkaa na za wauza maziwa, nimetengeneza za vijana waliokuwa wakibeba abiria kwenye keria yenye mto wa sponji kabla bodaboda hazijawaondoa barabarani, na katika miaka ya karibuni nimekuwa nikitengeneza pia baiskeli za mashindano, zile za tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ambazo vijana wetu huzinunua zikiwa zimeshatumika na wengine na kuzitunza kama mboni ya jicho.

Kila mwaka, mbio za baiskeli za Tour du Rwanda zinapofanyika, ukurasa wako wa michezo huziandika kwa mistari minne au mitano: fulani wa nchi fulani ameshinda hatua ya leo. Kesho yake anatajwa mwingine, keshokutwa mwingine tena, na mwisho wa juma anatangazwa bingwa ambaye jina lake msomaji hakuwahi kuliona siku zote hizo. Wateja wangu husoma gazeti lako wakisubiri niwazibie pancha, nao huniuliza inakuwaje mtu ambaye hakushinda hata siku moja akapewa ubingwa, na wapo wanaohisi kuna ujanja umefanyika. Swali lao ni la haki, nami naona jibu lake lina uhusiano wa moja kwa moja na hali ya mchezo huu kwetu.

Mbio za namna hii, zilizogawanywa katika hatua, yaani mwendo wa kila siku, hazimtafuti aliyetangulia leo. Kila mwendeshaji hupimwa muda wake tangu mbio zinapoanza hadi anapovuka mstari, muda wa siku ya kwanza unajumlishwa na wa siku ya pili, kisha wa tatu, mpaka siku ya nane, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Anayeongoza kwa jumla hiyo huvaa fulana ya njano ili kila mtu barabarani amjue. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akawa wa tano leo, wa nne kesho na wa sita keshokutwa, kila siku akiachwa sekunde chache tu, huku walioshinda hatua hizo wakipoteza dakika nyingi siku ya milima, naye akaibuka bingwa bila kuinua mikono kwenye mstari hata mara moja.

Jambo la pili ni kwamba huu ni mchezo wa timu, ingawa kwa macho unaonekana kuwa wa mtu mmoja mmoja. Anayetangulia ndiye anayeukata upepo, na anayemfuata kwa karibu kwenye barabara tambarare hutumia nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana timu humficha kiongozi wake nyuma ya migongo ya wenzake, na wenzake hao hupokezana mbele kama korongo wanavyopokezana angani wanapohama. Mmoja wao hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, huchukua chupa za maji, huzipachika mgongoni ndani ya fulana mpaka anaonekana ana kibyongo, kisha hunyonga tena kulifikia kundi ili wenzake wanywe. Mtu huyo anaweza kumaliza wa 60, na bila yeye bingwa asingekuwepo.

Februari 2023 nilipanda basi Kahama, nikavuka mpaka wa Rusumo, nikaenda kuziona mbio hizo kwa macho yangu. Nilisimama Kigali kwenye mwinuko wa mawe ambao wageni huuita Mur de Kigali, yaani ukuta wa Kigali. Ni mwinuko wa kama mita 400 tu, lakini ni mkali kiasi kwamba mtu anayetembea kwa miguu huupanda akiwa ameinama. Zilipita kwanza pikipiki za polisi, kisha barabara ikabaki tupu kwa dakika kadhaa, hakuna lori, hakuna bodaboda, hakuna mbuzi, na watu waliokuwa wakipiga kelele tangu asubuhi wakanyamaza wakitazama bondeni. Nilichokipata kwanza ni mlio, cheni zikirukaruka juu ya mawe na pumzi za watu zaidi ya hamsini kwa pamoja, na ndipo nyuso zikatokea. Nilimwona Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, akipita katikati ya kundi huku jasho likimdondoka kwenye usukani kama wote waliomzunguka.

Kisha kijana mmoja wa nyuma akainua mkono. Pancha. Gari la timu yake lilikuwa karibu, na kabla halijasimama sawasawa mlango wa nyuma ulifunguka, akaruka fundi akiwa na gurudumu mkononi. Nilihesabu kimoyomoyo tangu alipolifungua gurudumu bovu mpaka alipomsukuma yule kijana mgongoni ili apate mwendo wa kuupanda mlima, nami sikufika ishirini. Watu wote walimtazama mwendeshaji. Mimi nilimtazama fundi, ambaye mikono yake ilikuwa na grisi kama yangu na ambaye alirudi garini akiwa ameshika lile gurudumu bovu bila kuangalia nyuma.

Pale pale nilimkumbuka mpwa wangu. Kijana huyo ni mwendeshaji hodari, nami nasema hivyo kwa kuwa nimemwona akipanda na gunia la mahindi pale ambapo wengine hushuka na kusukuma. Miaka michache iliyopita alishiriki mbio za siku moja zinazofanyika wakati wa sikukuu, umbali wa karibu kilomita 150, na zikiwa zimebaki kilomita chache zaidi ya ishirini alikuwa katika kundi la mbele la watu sita. Mwiba wa mgunga ukaingia kwenye tairi la nyuma. Hakukuwa na gari la kumfuata, hakukuwa na gurudumu la akiba, kulikuwa na pampu aliyoifunga kwenye fremu kwa mpira, kiraka na solusheni. Aliziba mwenyewe kando ya barabara, mikono ikimtetemeka, huku malori yakimpita. Alipoteza dakika 11 na kumaliza wa 19. Siwalaumu walioandaa, kwa maana walifanya kwa uwezo waliokuwa nao, lakini mashindano mengine yenye uzito huo aliyapata baada ya miezi kumi. Kwa miezi kumi alirudi kubeba magunia akisubiri kupimwa tena kwa saa nne.

Hapo ndipo palipo hoja yangu, Ndugu Mhariri. Kanda ya Ziwa haina upungufu wa miguu. Mtoto wa Kisukuma hujifunza baiskeli akiwa amepitisha mguu chini ya fremu kwa sababu hafikii kiti, na akifika miaka kumi na tano ameshanyonga kilomita nyingi kuliko watoto wa nchi nyingi wanaofundishwa mchezo huu kwa mishahara. Tunachokosa ni mbio za siku nyingi mfululizo. Mbio za siku moja humfundisha kijana kutoa kila kitu kwa mara moja, na kwa kuwa zawadi ni ya wachache wa kwanza, kila mtu hukimbia kivyake, hata aliotoka nao kijiji kimoja. Mbio za hatua humlazimisha kujifunza mambo ambayo hayafundishiki kwa namna nyingine: kula akiwa hana hamu, kulala akiwa na maumivu, kuamka na kupanda tena baiskeli, kumpa mwenzake gurudumu lake mwenyewe kwa sababu mwenzake ndiye mwenye muda mzuri. Mpwa wangu angekuwa katika mbio za siku tano, mwiba ule ungemnyima ubingwa, lakini usingemnyima siku ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Angeweza kushinda hatua. Angeweza kumsaidia mwenzake. Na kama palikuwa na mtu wa timu ya nje anayetazama, angemwona kwa siku tano badala ya kumwona ameinama kando ya barabara.

Rwanda haikufika ilipo kwa siku moja. Mbio zao zilianza mwaka 1988 zikiwa za ndani, na mshindi wa kwanza alikuwa Celestin Ndengeyingoma, mwenyeji. Mwaka 2009 ziliingia katika kalenda ya Afrika ya UCI, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, zikiwa na daraja la 2.2. Nieleze hapa kidogo, maana alama hizi huandikwa magazetini bila maelezo: tarakimu ya kwanza ikiwa 1, mbio ni za siku moja, na ikiwa 2, ni za hatua nyingi, huku tarakimu ya pili ikionyesha daraja, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo daraja linavyokuwa juu. Mwaka 2009 aliyeshinda alikuwa Adil Jelloul wa Morocco, na mwaka uliofuata Daniel Teklehaimanot wa Eritrea. Kisha walifuata Mmarekani mmoja na Waafrika Kusini wawili. Wanyarwanda walishindwa nyumbani kwao kwa miaka mitano mfululizo, na hawakuyafuta mashindano.

Mwaka 2014 kijana wa miaka 20, Valens Ndayisenga, akashinda. Mwaka 2015 akashinda Jean Bosco Nsengimana, mwaka 2016 Ndayisenga tena, mwaka 2017 Joseph Areruya na mwaka 2018 Samuel Mugisha. Hiyo ni miaka mitano mfululizo ya wenyeji. Areruya huyo huyo alipata timu ya kulipwa Ufaransa, na mwaka 2019 alishiriki Paris–Roubaix, mbio ngumu za mawe za kaskazini mwa nchi hiyo. Nchi ambayo haikuwa na jina lolote katika mchezo huu ilifika huko kwa kuwa na juma moja kila mwaka ambalo watoto wake walijua kwa hakika kwamba watapimwa na wageni, barabarani kwao, mbele ya mama zao.

Mwaka 2019 mbio hizo zilipandishwa hadi daraja la 2.1, timu kubwa zikaanza kuja, na tangu hapo hadi mwaka 2025 hakuna Mnyarwanda aliyetwaa ubingwa. Waeritrea wameshinda mara nne katika kipindi hicho, wengine wakiwa Mhispania, Mwingereza na Mfaransa. Nimewasikia watu wakisema Wanyarwanda waliharakisha, wakapandisha mbio juu ya vichwa vya vijana wao wenyewe. Nimelitafakari sana jambo hili na sidhani kwamba wanaosema hivyo wamekosea kabisa, kwa maana kijana anayeachwa dakika kumi siku ya kwanza hajifunzi mengi siku ya tano. Hata hivyo waliosahaulika katika maneno hayo ni watu wasioendesha baiskeli. Katika miaka ile yote Rwanda ilikuwa ikiwafundisha polisi wa kufunga barabara na kuifungua ndani ya dakika chache, madereva wa kuendesha magari katikati ya waendesha baiskeli bila kumgusa mtu, madaktari, wapima muda na mafundi. Ndiyo sababu Septemba 2025 Kigali iliweza kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo tangu yaanze mwaka 1921 hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilomita 267.5 katika milima ile, wakaanza zaidi ya 160 na kumaliza 30, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Milima peke yake haikuipa Kigali heshima hiyo. Milima ipo Lushoto, ipo Mbeya, ipo Tarime.

Eritrea nayo ni shahidi. Mbio zao za hatua zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946, na desturi hiyo ndiyo iliyomlea Teklehaimanot, ambaye mwaka 2015 alivaa fulana ya mfalme wa milima, yaani ya anayeongoza kwa pointi za kupanda milima, katika Tour de France, na baada yake Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu za mbio hizo mwaka 2024 na kurudi nyumbani na fulana ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Kwa majirani zetu wa Kenya hali ni nyingine, na inaniuma. David Kinjah amelea vijana pale Kikuyu kwa miaka mingi, Froome akiwa mmoja wao, na Froome aliichezea Kenya hadi mwaka 2008 kabla ya kuhamia Uingereza. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 kwa ajali akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, alikuwa amemaliza wa tatu kwa jumla huko Rwanda mwaka 2017. Mtu wa uwezo wake ilimbidi avuke mipaka kila alipotaka mbio za juma zima.

Kwa hiyo napendekeza, kwa chama cha mchezo huu, kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa na kwa wenye makampuni wanaopenda michezo, kwamba tuanze na siku nne. Siku ya kwanza watoke Shinyanga hadi Mwanza, takriban kilomita 160, barabara ya tambarare ambayo itawafundisha kukaa katika kundi. Siku ya pili watoke Mwanza hadi Geita kupitia daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo njia hiyo ilikatwa na kivuko, na mbio haziwezi kusubiri foleni ya kivuko, lakini sasa tuna kilomita tatu za lami juu ya maji ambapo upepo wa ziwa hupiga ubavuni, na upepo wa ubavuni huwalazimisha waendeshaji kujipanga kimshazari barabarani, asiyejua kujipanga akaachwa. Siku ya tatu waelekee Biharamulo, na siku ya nne wapande vilima vya Muleba na kumaliza Bukoba. Mikoa itume timu za watu watano watano, na waalikwe wenzetu wa Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya. Wasichana wawe na mbio zao tangu mwaka wa kwanza, katika barabara hizo hizo na kwa zawadi sawa, kwa sababu huku kwetu wanawake hubeba mboga na watoto kwa baiskeli kila siku na hakuna anayeshangaa.

Waendeshaji wanaweza kulala katika mabweni ya shule wakati wa likizo. Zawadi si lazima ziwe kubwa. Lisilopunguzwa ni usalama: barabara ifungwe kundi linapopita na ifunguliwe likishapita, pawe na gari la wagonjwa nyuma, na kila timu iwe na gari la kuisaidia, hata kama ni pikapu ya kuazima. Tusikimbilie alama za UCI. Tukae chini kwa miaka kumi kama walivyokaa wenzetu kuanzia 2009 hadi 2018, tufanye makosa yetu tukiwa wadogo.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi la peke yake. Tour de France ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti, L'Auto la Ufaransa, na ile ya Italia ilianzishwa mwaka 1909 na gazeti, La Gazzetta dello Sport, ambalo karatasi yake ya rangi ya waridi ndiyo iliyoipa rangi fulana ya anayeongoza mbio hizo mpaka leo. Wahariri waliziona mbio hizo kabla ya serikali kuziona, kwa sababu habari inayoendelea kesho humfanya msomaji anunue gazeti la kesho. Sikuombi uanzishe mashindano. Naomba mbio za Rwanda zitakapofanyika tena uchapishe kila siku majina ya kumi wa mwanzo kwa muda wa jumla, kila mmoja na sekunde alizoachwa, jina la timu yake, na sentensi moja kuhusu barabara waliyopita. Jedwali hilo halitachukua nafasi kubwa kuliko tangazo la kiwanja kinachouzwa, na vijana wanaokaa kwenye benchi langu watalifuatilia kuanzia siku ya kwanza hadi ya nane, kama wanavyofuatilia msimamo wa ligi.

Mwisho, mafundi sita wa hapa sokoni tumezungumza na kukubaliana. Siku mbio hizi zitakapoandaliwa, hata kama ni za timu nne tu, tutakaa nyuma ya magari na magurudumu, pampu na funguo zetu wenyewe kwa siku zote nne, bila malipo. Tutajigharimia chakula. Tunaomba tu kujulishwa tarehe mapema, ili tupate muda wa kusuka magurudumu ya akiba.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Fundi wa baiskeli,
Shinyanga mjini